Motokaa za Mbio za Kukodi

Mafunzo ya Watu Wazima kwa Redio: Somo la Historia na Hesabu za Biashara

Mwenye kitabu cha mazoezi na akifungue, na msaidizi wa darasa aandike ubaoni maneno matatu: KUMILIKI, KUKODI, KUFIDIA.

Kumiliki ni kuwa na kitu kikawa mali yako. Kukodi ni kutumia mali ya mwenzako kwa malipo. Kufidia ni kulipa kwa ajili ya kitu ulichokiharibu. Yashikeni maneno hayo, kwa kuwa historia ya leo imo ndani yake.

Watu wengi katika nchi zetu walijifunza kupanda baiskeli kwa kukodi. Mwenye baiskeli alikaa chini ya mti, mtoto akampa senti zake, akapewa nusu saa. Mtoto alipanda bila kununua, na mwenye baiskeli alipata fedha za watoto kumi kwa chombo kimoja. Wote wawili walifurahi mpaka gurudumu lilipopinda. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza: nani alipe?

Leo tutatazama biashara ya namna hiyo hiyo katika Uingereza, Ufaransa na Marekani, lakini badala ya baiskeli kuna motokaa ya mashindano. Tutaona jinsi shule za madereva wa mbio zilivyoanza, jinsi zilivyopata fedha, na kwa nini baadhi ya zile kubwa zilifilisika.

1. Mali inayolala

Motokaa ya mashindano si kama motokaa nyingine. Basi hubeba abiria, lori hubeba mahindi au pamba, na teksi humletea mwenyewe fedha kila jioni. Motokaa ya mashindano haibebi mtu ila dereva wake. Haina mahali pa mzigo, na aina nyingi haziruhusiwi kupita barabarani. Lazima ipakiwe juu ya gari jingine ndipo ifike uwanjani. Kwa mwaka mzima hukimbia siku chache tu. Siku zilizobaki imelala bandani, na fedha za mwenyewe zimelala pamoja nayo. Tena hata ikilala inakula: yataka fundi, matairi, vipuli na pango la banda.

Ndiyo sababu hapo zamani mchezo huu ulikuwa wa matajiri. Uwanja wa Brooklands, karibu na London, ulifunguliwa mwaka 1907, nao ni mmojawapo wa viwanja vya kwanza kabisa vilivyojengwa kwa ajili ya mbio za motokaa. Walioshindana pale wengi wao walikuwa watu wa mali. Fundi alikuwapo uwanjani, lakini kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua nati za motokaa ya bwana mwingine.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, mambo yakaanza kugeuka. Petroli katika Uingereza ilikuwa bado yagawiwa kwa kipimo, na fedha zilikuwa haba. Walakini vijana wengi walikuwa wametoka jeshini na ujuzi wa mitambo, na viwanja vya ndege vya vita vilikuwa vimebaki vitupu, vyenye barabara pana za saruji. Mwaka 1946 baadhi ya wapenzi wa mbio walianza kuunda motokaa ndogo zenye injini ya pikipiki ya sentimita 500 za ujazo. Charles Cooper na mwanawe John, wenye gereji mjini Surbiton, walichukua sehemu za mbele za motokaa mbili ndogo za Fiat, wakaziunganisha, wakaweka injini ya pikipiki nyuma ya dereva. Mnyororo ndio uliozungusha magurudumu. Mwaka 1950 aina hiyo ya motokaa ikakubaliwa na wakuu wa mchezo, ikaitwa Formula 3. Neno formula hapa maana yake ni kanuni: sheria zisemazo motokaa iweje ili ishindane na wenzake kwa haki.

Hivyo motokaa ya mbio ikawa ndogo na bei yake ikapungua. Hata hivyo ilikuwa bado mbali na mfuko wa mfanyakazi. Ilibaki mtu mmoja afikiri kama yule mwenye baiskeli chini ya mti.

2. Shilingi tano kwa mzunguko mmoja

Mwaka 1953 lilitolewa tangazo huko Uingereza. Lilisema kwamba mtu yeyote aweza kuendesha motokaa ya mbio katika uwanja wa Brands Hatch, jimbo la Kent, kwa shilingi tano kila mzunguko. Mzunguko ni kwenda kutoka mstari wa kuanzia mpaka kurudi pale pale. Wakati ule uwanja huo ulikuwa na urefu wa maili moja hivi.

Tangazo hilo lilisomwa na kijana mmoja wa London, jina lake Graham Hill. Alikuwa na miaka 24, alikuwa amepata mafunzo ya ufundi katika kiwanda, na cheti chake cha udereva alikuwa amekipata mwaka ule ule. Alilipa pauni moja. Sasa fanyeni hesabu ya kwanza: pauni moja ilikuwa na shilingi 20, ukigawa kwa 5, wapata mizunguko 4. Siku hizo shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa sawa na shilingi ya Uingereza, kwa hiyo wazee wetu wanaweza kupima wenyewe uzito wa fedha hizo. Kwa kukumbushana tu, mwaka huo huo wa 1953 ndipo yalipoanza huku kwetu mashindano ya Safari, yaliyopita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika.

Baada ya mizunguko minne Hill alishikwa. Alitaka kuendelea, lakini pauni nyingine hakuwa nayo ya kutupa. Akatoa alichokuwa nacho, yaani mikono yake. Alikwenda katika shule ya mbio akafanya kazi ya ufundi, na malipo aliyoyataka yalikuwa nafasi ya kuendesha. Mwaka 1954 akashindana kwa mara ya kwanza. Baadaye alifanya kazi kwa Lotus, waundaji wa motokaa, kwanza kama fundi, kisha kama dereva. Mwaka 1962 alikuwa bingwa wa dunia, na mwaka 1968 akawa bingwa mara ya pili. Alishinda mbio za Indianapolis mwaka 1966 na za Le Mans mwaka 1972. Alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1975.

Mwalimu asiwaache wanafunzi wafikiri kwamba kila aliyelipa pauni moja alikuwa bingwa. Wengi walizunguka mara nne, wakafurahi, wakarudi kazini Jumatatu. Jambo la kutazama ni hili: Hill hakuwa na motokaa ya mbio, wala hakuhitaji kuwa nayo ili aanze. Alihitaji maili nne tu za motokaa ya mtu mwingine.

3. Kutoka kukodisha mpaka kufundisha

Kukodisha peke yake ni biashara ya hatari. Mgeni akipewa motokaa kali bila maelezo, huenda akaivunja katika kona ya kwanza. Kwa hiyo mwenye motokaa hana budi kumfundisha, na akisha kumfundisha anaweza kudai ada ya mafunzo. Hivyo ndivyo kukodi kulivyozaa shule.

Shule iliyopata jina kubwa ilikuwa ya Jim Russell. Bwana huyu alikuwa na gereji jimboni Norfolk, naye hakuanza mbio mpaka alipopita miaka 30. Katika miaka ya 1955, 1956 na 1957 alikuwa bingwa wa Uingereza wa Formula 3. Mwaka 1957 alifungua shule yake huko Snetterton, katika kiwanja cha ndege cha zamani cha vita. Mwaka 1959 aliumia sana katika mbio za Le Mans, na tangu hapo shule ikawa ndiyo shamba lake kubwa.

Mafunzo katika shule za namna hii yalikwenda hatua kwa hatua. Kwanza ubao na chaki: jinsi ya kuingia katika kona, mahali pa kushika breki, mahali pa kukanyaga mafuta tena. Kisha mwanafunzi alipewa motokaa, lakini aliwekewa mpaka wa kasi ya injini. Mwalimu alisimama kando ya njia akitazama. Mwanafunzi akiwa mwangalifu, mpaka uliongezwa siku nyingine. Akipita mpaka, alishushwa. Katika motokaa nyingi za shule palikuwa na saa yenye mshale uliobaki pale pale injini ilipofikia kasi kubwa kupita zote. Mwanafunzi hakuweza kukana, maana mshale ulimshtaki.

Mtu aweza kudhani kwamba mpaka huo uliwekwa kwa usalama wa mwanafunzi tu. La, uliwekwa pia kwa usalama wa mfuko. Injini ikizungushwa kupita kiasi huchakaa upesi na hata kupasuka, na injini ya mashindano ni ghali. Mwanafunzi mpole alikuwa faida ya shule, na mwanafunzi mwenye pupa alikuwa hasara yake.

Shule zilitafuta pia fedha za pembeni ili motokaa zisilale. Jim Russell alipata kazi katika sinema. Filamu iitwayo Grand Prix, iliyotolewa mwaka 1966, ilihitaji motokaa nyingi zifananazo na zile kubwa za mbio. Shule yake ilishiriki kuzitengeneza kutokana na motokaa ndogo. Penye mali inayolala, mwenye akili huiamsha.

4. Injini ya sokoni: mwaka 1967

Hata hivyo injini ziliendelea kula faida. Katika miaka ya 1960 shule moja iliyofanya kazi Brands Hatch, iitwayo Motor Racing Stables, iliona kwamba injini za mashindano zilipasuka na gharama yake haikuvumilika. Mkuu wa shule hiyo, Geoff Clarke, pamoja na John Webb, msimamizi wa Brands Hatch, wakaona njia. Kwa nini mwanafunzi atumie injini ya mashindano? Waliweka katika motokaa za mbio injini ya kawaida ya Ford Cortina, iliyouzwa kila mahali, pamoja na matairi ya barabarani. Injini ilikuwa na nguvu kidogo kuliko ya mashindano, lakini ilidumu, na vipuli vyake vilipatikana madukani.

Kutoka katika haja hiyo ya shule ilizaliwa kanuni mpya iliyoitwa Formula Ford. Mbio zake za kwanza zilifanyika Brands Hatch tarehe 2 Julai 1967. Kusudi lilikuwa motokaa nzima isizidi bei ya pauni 1,000. Kanuni hiyo ilienea Ulaya, Marekani na mabara mengine, na mabingwa wengi wa dunia wa miaka iliyofuata walipita humo.

Angalieni mafundisho yake. Wakubwa wa mchezo hawakukaa mezani wakaamua kuwahurumia maskini. Shule ilikuwa inaumia kwa bili za injini, ikatafuta dawa ya maumivu yake yenyewe, na dawa ile ikawafaa watu wengi.

Bei ilishuka, lakini hatari ya kumiliki haikwisha. Mwaka 1968 kijana Mwingereza, James Hunt, alichukua motokaa ya Formula Ford kwa kulipa kwa mafungu. Mwaka ule ule, katika uwanja wa Oulton Park, motokaa hiyo iliruka nje ya njia ikaangukia ziwani. Hunt alipona, na mwaka 1976 alikuwa bingwa wa dunia. Lakini fikirini hali ya mtu ambaye motokaa yake imo majini na mafungu bado yamdai. Aliyekodi hupoteza fedha za siku moja. Aliyenunua kwa mkopo huweza kuendelea kulipa kitu asicho nacho tena.

5. Wengi wanaolipa na mmoja anayechaguliwa

Katika Ufaransa shule zilipata njia nyingine ya fedha. Kampuni za mafuta zilitaka jina lao lionekane, na shule zilitaka wanafunzi. Basi yakaanzishwa mashindano ya wanafunzi: walioandikishwa katika shule walijaribiwa, wakachujwa mara kwa mara, na mshindi wa mwisho akapewa motokaa au fedha za kushindana mwaka mzima.

Mwaka 1966 François Cevert alishinda tuzo ya Shell katika shule ya Magny-Cours, akapata motokaa ya Formula 3 ya Alpine. Mwaka 1975 Alain Prost alishinda tuzo ya Elf katika uwanja wa Paul Ricard, na msimu wake uliofuata ukalipiwa. Prost alikuja kuwa bingwa wa dunia mara nne: 1985, 1986, 1989 na 1993.

Je, tuzo hiyo ilitoka wapi? Sehemu ilitoka katika kampuni ya mafuta, lakini shule ilijaa kwa sababu ya wale wote waliotumaini. Kila mmoja alilipa ada, na kila mmoja alidhani huenda akawa yeye. Hatusemi walidanganywa, kwa kuwa walipata mafunzo na walijua kwamba mshindi ni mmoja. Lakini yafaa tujue kwamba shule za mbio ziliuza bidhaa mbili katika kikapu kimoja: ujuzi na matumaini. Ujuzi ulimfikia kila mwanafunzi. Matumaini yalilipiwa na wote yakamfikia mmoja.

6. Fika, uendeshe, urudi nyumbani

Marekani ilichukua biashara hii ikaipanua. Bob Bondurant alikuwa dereva mashuhuri. Mwaka 1967 usukani wa motokaa yake ulikatika kwa mwendo wa kasi huko Watkins Glen, akavunjika vibaya. Alipokuwa kitandani aliwaza juu ya shule, na mwaka 1968 akaifungua huko California. Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo alikuwa mcheza sinema Paul Newman, aliyejifunza kwa ajili ya filamu ya mbio. Newman aliupenda mchezo wenyewe, na mwaka 1979, akiwa na miaka 54, timu yake ilikuwa ya pili katika mbio za Le Mans. Bondurant hakutegemea vijana wa mashindano peke yao. Alifundisha pia madereva wa kawaida, na madereva wanaochukua watu wakubwa waliohofia kutekwa.

Mwaka 1975 dereva mwingine, Skip Barber, alianza shule katika jimbo la Connecticut. Alianza na motokaa mbili za Formula Ford za kuazima na wanafunzi wanne. Shule ikakua mpaka ikawa na matawi katika viwanja vingi. Wanafunzi waliohitimu waliuliza: sasa tufanye nini? Wengi walikuwa na kazi zao, mmoja daktari, mwingine mfanya biashara. Hawakuwa na banda, wala fundi, wala gari la kupakilia. Shule ikawajibu kwa kuanzisha mashindano ambayo motokaa zote ni mali ya shule.

Huu ndio utaratibu wa fika-uendeshe. Mshindani hufika na kofia yake ya usalama na nguo zake. Hukuta motokaa imetiwa petroli, matairi yamekaguliwa, fundi yupo. Hushindana, hushuka, hurudi nyumbani. Kwa kuwa motokaa zote ni za aina moja na zinatunzwa na mafundi wale wale, fedha haziwezi kununua injini kali kuliko ya jirani. Mwaka 1998 Jonathan Palmer, dereva wa zamani wa Formula 1, alianzisha utaratibu kama huo Uingereza kwa motokaa zenye injini ya Audi. Bingwa wa kwanza, Justin Wilson, alipewa nafasi katika mashindano makubwa zaidi ya mwaka 1999.

Na hapa sikilizeni jambo la ajabu la biashara. Wilson alipofika mlangoni mwa Formula 1 mwaka 2003, timu ilitaka dereva aje na fedha. Hakuwa nazo. Basi akajigawa hisa kama kampuni. Watu wa kawaida walinunua hisa, wakatumaini kugawiwa sehemu ya mapato yake ya baadaye, na kwa njia hiyo akapata kiti. Kukodi motokaa kulimfikisha mlangoni. Kuingia ndani kulitaka mfuko mwingine kabisa.

7. Hesabu ya siku moja

Sasa tuone kwa nini biashara hii ni ngumu. Tarakimu hizi tumezitunga kwa ajili ya zoezi tu.

Tuseme shule yakodi uwanja kwa shilingi 1,000 kwa siku. Walimu na mafundi hulipwa shilingi 600. Bima na uchakavu wa motokaa ni shilingi 400. Jumla ni shilingi 2,000, na fedha hizo lazima zilipwe hata asipofika mtu. Kisha kila mwanafunzi hutumia petroli na matairi ya shilingi 50. Ada iliyotangazwa ni shilingi 200 kwa mwanafunzi.

Wakija wanafunzi 20, mapato ni 4,000. Gharama ni 2,000 na 1,000, yaani 3,000. Faida ni 1,000.

Wakija wanafunzi 10, mapato ni 2,000. Gharama ni 2,000 na 500, yaani 2,500. Hasara ni 500.

Wakija 13, hasara ni 50. Wakija 14, faida ni 100. Basi mwanafunzi wa 14 ndiye anayeiokoa siku. Mvua ikinyesha kutwa, au watu wakikosa fedha za starehe, mwanafunzi huyo haji, lakini mwenye uwanja yuangoja malipo yake vile vile.

Na hapo bado hatujatia ajali. Siku ile nzuri ya wanafunzi 20, motokaa moja ikigonga ukuta na matengenezo yakawa shilingi 1,500, faida yote imekwenda na hasara ya 500 imeingia.

Kwa hiyo kila shule iliweka sheria ya kufidia. Mara nyingi mwanafunzi huweka fedha za dhamana kabla ya kuendesha, au hutia sahihi kwamba atalipa uharibifu mpaka kiasi fulani. Unaozidi hapo hubebwa na shule au bima. Kiasi hicho ndicho moyo wa biashara yote. Kikiwa kidogo, wanafunzi huendesha bila kujali, maana kuvunja ni rahisi. Kikiwa kikubwa, mfanyakazi huogopa, na wanabaki wale wale matajiri wa Brooklands. Katika mikataba mingi ya mashindano mtu hulipia motokaa aliyopewa hata kama aliyegonga ni mwenzake. Mwenye kutia sahihi bila kusoma amejifunza jambo hilo akiwa kando ya njia, ameshika kofia mkononi.

8. Wakubwa waliopungukiwa

Kukua hakukuzilinda shule hizi. Mwezi Mei mwaka 2017 shule yenye jina la Skip Barber, ambayo wakati huo mwanzilishi wake hakuwa tena mmiliki, ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Mali yake ikauzwa, na shule ikaendelea chini ya wamiliki wapya. Mwezi Oktoba mwaka 2018 shule ya Bondurant nayo ikaomba kinga hiyo hiyo huko Arizona, ilikokuwa imehamia. Nayo ikanunuliwa na wengine, na mwaka 2021 ikabadilishwa jina.

Mkumbuke hesabu ya wanafunzi 14. Shule kubwa ina motokaa nyingi zaidi za kutengeneza, matawi mengi zaidi ya kulipia, na mishahara mingi zaidi. Basi siku za watu wachache huumiza zaidi. Tena katika biashara ya ada inayolipwa kabla, mwanafunzi aliyelipia mafunzo ya miezi ijayo huwa mmoja wa wadai siku shule inapoanguka.

9. Tumejifunza nini?

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Ukimwona mtu anaendesha motokaa ya mbio kwa siku moja, ujue nyuma yake yuko fundi, mwenye uwanja, mwenye bima, na wanafunzi wengine 13 waliolipa siku ile ile.

Shule hizi hazikuifuta gharama ya mchezo. Ziliigawa. Kazi hiyo si ndogo, kwa kuwa mzigo usiobebwa na mmoja huweza kubebwa na 20, na kwa njia hiyo mafundi na wafanyakazi waliingia mahali walipokuwa wakitazama kutoka nje ya ua. Lakini mzigo uliogawanywa bado ni mzigo. Kila mara yuko mtu anayebeba ile sehemu inayobaki: siku ya mvua, ukuta uliogongwa, kiti cha juu kinachotaka fedha. Kabla ya kukodi au kukodisha chombo chochote, kiwe motokaa, trekta, mashua au cherehani, ulizeni mapema ni nani.

Maneno ya somo

Ada: malipo ya mafunzo.
Dhamana: fedha zinazowekwa ili zifidie uharibifu ukitokea.
Hisa: fungu la umiliki katika biashara.
Kufilisika: kushindwa kulipa madeni.
Mafungu: malipo ya kidogo kidogo kwa muda.
Uchakavu: kupungua kwa thamani ya chombo kwa kutumiwa.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Graham Hill alipokosa fedha alitoa nini badala yake? Je, mwenye shule alipata faida au hasara?

2. Kwa nini injini ya motokaa ya kawaida iliisaidia shule kuliko injini ya mashindano?

3. Chukueni hesabu ya sehemu ya 7. Ada ikipandishwa kuwa shilingi 250, ni wanafunzi wangapi wanaotosha ili shule isipate hasara? Je, wote waliokuja kwa 200 watakuja kwa 250?

4. Katika kijiji au mtaa wenu ni vyombo gani vinavyokodishwa? Kikiharibika, nani hulipa, na je, jambo hilo limeandikwa mahali?

Wasikilizaji wetu, muda wetu umekwisha. Andikeni majibu ya swali la tatu kwa wino, na mwenye kujua kuandika amsaidie jirani yake. Kwaherini.